Gitaa la Upande wa Mlango

Shangazi yangu alikunywa kikombe kizima cha chai ya chumvi na hakulalamika. Kosa lilikuwa langu, nilichota kwenye kopo la chumvi nikidhani ni la sukari. Lakini mtu mzima wa akili na ulimi angeitema, angenitukana, angeniuliza kama nimetumwa na maadui zake. Yeye alimaliza, akakiweka kikombe chini, akasema, "Sawa." Nilipokuja kuonja ya kwangu nilikimbilia nje nikaitema kwenye maua. Niliporudi alikuwa ameshashika kazi yake, ameinama, miwani imemshukia puani.

Wakati huo Mjomba alikuwa ameshafariki miezi kadhaa. Huyo alikuwa mume wa shangazi. Mjomba tulimwita kwa mazoea tu, wajuzi wa mambo ya ukoo watanisamehe. Alizikwa vizuri, watu walijaa mpaka barabarani, na kila mtu alilia isipokuwa mjane. Shangazi alikaa, akapokea pole, akasema asante, sawa, asante. Watu wakasema ana moyo mgumu. Wengine, wale wenye midomo isiyo na kazi, wakasema labda hakumpenda. Ningewajua kwa majina ningewafuata majumbani kwao. Moyo wake haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mguu uliokufa ganzi haulaumiwi kwa kutotembea.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye aliyenituma nikakae naye. "Wewe si una cherehani tu," aliniambia, kana kwamba cherehani si kazi. "Cherehani inabebeka." Basi nikaibeba, nikaiweka kwenye ukumbi mdogo unaotazamana na chumba chake cha kazi, mlango ukiwa wazi, nikawa nashona sare za shule huku namwangalia kwa jicho moja. Wateja wangu wakalalamika kwamba mikono ya mashati hailingani. Jicho moja lina mipaka yake.

Kazi yake nayo si ya kila mtu. Shangazi anafufua priampu za valvu zilizotengenezwa nyumbani. Najua, hata mimi mwanzo niliuliza: za nini? Ni hivi. Sauti inayotoka kwenye sindano ya santuri ni nyembamba, ukiisikia peke yake ni kama mbu aliye chumba cha pili. Amplifaya kubwa haiwezi kufanya nayo chochote ikiwa hivyo. Kwa hiyo katikati panakaa kiboksi cha kuikuza kidogo na kuisafisha, na hicho ndicho priampu. Zamani ndani yake kulikuwa na valvu, vile vichupa vya kioo vyenye waya unaowaka mwekundu kwa ndani. Vya dukani vilikuwa havishikiki kwa bei, basi watu wakajitengenezea. Kasha walikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, mbavu wakatoa kwenye ubao wa kitanda, vifundo vya kuongeza sauti wakang'oa kwenye jiko la gesi. Nimewahi kuona kimoja ambacho bado kimechorwa ule mwali mdogo na mwali mkubwa, na mwenyewe hakuona ajabu.

Ubaya wa vitu hivyo ni kwamba hakuna viwili vinavyofanana. Hata kama mtu alianza na mchoro, alifika katikati akakosa kifaa, akaweka alichokuwa nacho, akamwachia Mungu. Anayekitengeneza leo inabidi aifuate akili ya mtu asiyemjua, ambaye pengine siku ile alikuwa amegombana na mkewe. Shangazi aliliweza hilo. Alikaa miaka mingi kwenye meza ya kuchomelea katika kiwanda cha redio, mpaka kiwanda kikafungwa, na mkono wake ni mwepesi. Alikuwa akiufuata waya kwa ncha ya penseli huku anaongea na fundi asiyekuwepo: "Hapa ulikosa rizista, eh. Hapa ulikuwa umechoka, ungelala tu." Baada ya msiba aliendelea kufuata nyaya, ila kimya.

Alikuwa na ustaarabu wake mmoja ambao wateja waliupenda. Kapasita za zamani, vile vijiti vya karatasi vilivyozamishwa kwenye nta, karibu zote zimekufa kwa uzee. Fundi mwingine angezing'oa akazitupa, akaweka mpya za plastiki zenye rangi za peremende. Shangazi alizipasha moto, akazisukuma matumbo yao nje, akaficha kapasita mpya ndogo ndani ya ganda lile lile, akaziba kwa nta ya mshumaa. Ukifunua boksi unaona kazi ya baba yako kama alivyoiacha. "Nje mzee, ndani kijana," nilimtania zamani. "Wanaume wa mji huu wengi ni kinyume chake." Alicheka mpaka akaweka pasi ya kuchomelea chini. Baada ya msiba niliurudia utani ule ule, akanitazama kama nimemsomea taarifa ya hali ya hewa.

Sasa sikilizeni lililotutia hofu. Valvu zinataka umeme mkali, volti mia mbili, mia tatu, na kapasita kubwa zilizomo humo hushikilia umeme huo hata ukishachomoa waya ukutani. Ukigusa unajuta. Kwa hiyo fundi ana kanuni zake mbili. Kwanza, kabla hajagusa kitu anaikamua kapasita, yaani anaigusisha rizista kubwa, kifaa kinachoumeza umeme polepole, mpaka mita isome sifuri. Pili, akilazimika kupima boksi likiwa linawaka, mkono mmoja unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuingilia mkono huu na kutokea mkono ule, moyo ukiwa katikati. Kila gauni la kazi la shangazi lina mfuko wa mkono huo. Naujua vizuri kwa sababu ninaushona mimi.

Asubuhi moja nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kinavunjika. Nikainua kichwa. Shangazi alikuwa anakitazama kidole chake. Hakuruka, hakuita mama yake. "Imenipiga," alisema, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Hakuwa ameikamua, na mkono wa pili ulikuwa umelazwa juu ya bati la boksi, pale pale unapokatazwa. Ncha ya kidole ilikuwa na doa jeupe lililoungua. Nikamwuliza kama kinauma. Akafikiri kidogo, akasema hajui. Nikakivuta kiti chake nyuma kwa nguvu isiyompasa mtu kumvutia shangazi yake.

Nikampigia baba simu. Jumapili akaja, akasimama mlangoni mwa chumba cha kazi na kofia yake mkononi.

"Dada, hii kazi itakuua."

"Sawa."

"Sitanii. Mwisho wa mwezi nakuja na kufuli. Nisipoona mabadiliko, chumba hiki kinafungwa na vyombo vyake vyote, na wewe unakuja kukaa kwangu."

"Sawa," alisema shangazi, akaendelea kukwangua kutu.

Baba alitaka kubishiwa. Nilimwona. Huyu ni mwanamke ambaye ukimhamishia bisibisi yake kutoka ilipokuwa, kunaitishwa kikao cha familia. Sasa anaambiwa atafungiwa chumba chake, naye anasema sawa kama anayeulizwa aongezewe maji. Baba akavaa kofia, akaondoka bila kunywa kitu. Nami nilijua fika kwamba kufuli likifungwa ndiyo basi. Atakaa kwetu mbele ya televisheni, atapewa chai yenye sukari ya kutosha, atasema sawa, na siku moja atasahau hata kusema hivyo.

Mimi sina subira. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kukaa na shangazi yangu mwaka ule. Nikasema dawa ya moto ni moto. Kwenye rafu ya sebuleni kulikuwa na boksi la Mjomba mwenyewe, na nikaapa kwamba lazima alifungue, akutane na mkono wa mumewe humo ndani, alie, tumalize.

Niwaeleze kuhusu boksi hilo, maana lina kesi yake. Mjomba alilitengeneza wakati wa uchumba, walipokuwa wote kiwandani, yeye akiwa idara ya kusuka transfoma. Alitengeneza na mengine, akawapa marafiki, lakini hilo lilikuwa la nyumba. Nyuma yake lina matundu mawili ya kuingizia sauti na mawili ya kutolea, kila jozi ikiwa na moja jekundu na moja jeupe. Nyekundu ni rangi ya kucha ya shangazi. Nyeupe ni dawa ya viatu vya mpira. Na shangazi, aliyefufua maboksi ya watu wa kila kona, hilo la nyumbani kwake hakuruhusiwa kuligusa hata skrubu. "Halijaharibika," Mjomba alisema kila mara. "Ukiona mtu anafungua kisichoharibika, huyo anatafuta ugomvi."

Ugomvi walikuwa nao tayari, na ulihusu gitaa. Walikuwa na sahani moja ya muziki wa dansi wanayoipenda, inaanza na gitaa peke yake kabla mwimbaji hajaingia. Kwa Mjomba, gitaa lile lilitoka kwenye spika ya upande wa mlango. Shangazi alisema tangu siku ya kwanza kwamba limegeuka, linatakiwa litoke kushoto, upande wa dirisha. Alilisikia hivyo kiwandani kwenye mitambo ya majaribio, na alilisikia hivyo kwa fundi saa jirani yao aliyekuwa na chombo cha dukani. Mjomba akasema kiwanda kizima kimekosea na fundi saa naye kakosea, na kwamba masikio ya shangazi yamekaa kombo. Miaka thelathini. Mjomba anaweka sahani, shangazi anatokea mlango wa jikoni anasema, "Limegeuka." Mjomba anasema, "Kombo." Shangazi anakaa chini kumjibu, na anapomaliza kujibu sahani imekwisha na inabidi igeuzwe.

Siku moja Mjomba alitoka kununua gazeti, shangazi akazibadilisha nyaya nyuma ya spika. Mjomba aliporudi alikaa, akasikiliza ubeti mmoja, akainuka bila neno, akazirudisha. Wageni waliitwa kuwa mahakimu. Mimi mwenyewe nimekua nikiulizwa, "Wewe mtoto, gitaa liko wapi?" na nilijibu kufuatana na nani ameshika biskuti.

Mjomba alipougua, upande mmoja wa boksi ukaanza kukoroma. Alipofariki hakuna aliyeliwasha tena. Basi nikalibeba hadi chumba cha kazi, nikaliweka mbele ya shangazi.

"Kuna mteja kaleta," nikasema.

Akalitazama. "Hili la marehemu."

Alisema marehemu kama wanavyosema wateja wanaoleta vitu vya baba zao. Sikuwa nimemsikia akimtaja tangu mazishi.

"Ndiyo. Linakoroma upande mmoja."

"Sawa," akasema, akachukua bisibisi.

Nilisimama juu yake kama askari. Nikamwambia aikamue kapasita, akaikamua. Akalilaza boksi kifudifudi, akafungua bati la chini, na mimi nikatulia kusubiri machozi. Humo ndani kulikuwa na Mjomba mtupu. Nyaya amezifunga kwa uzi uliopakwa nta, vifundo vidogo vidogo vimepangana kama vifungo vya shati. Risasi ya kuchomelea imejaa kupita kiasi, kama alivyokuwa akijaza kijiko cha sukari. Shangazi akavuta taa karibu, akaanza kusafisha.

Machozi hayakuja. Alifanya kazi siku ile na kesho yake kwa namna ile ile. Alitia matumbo mapya kwenye kapasita, akabadilisha valvu moja iliyochoka, akapangusa matundu. Nilikuwa nakata vitambaa huku namlaani kimoyomoyo, kisha najilaumu kwa kumlaani mjane. Nilianza kufikiri kwamba baba alikuwa sahihi na tungefunga tu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Baba alikuwa aje siku ile ile jioni.

Saa ya mchana nikasikia penseli imesimama. Ukikaa na mtu muda mrefu unasikia hata penseli. Shangazi alirudi nyuma na ile ncha, akaenda mbele, akarudi tena. Akachukua mita.

"Njoo," akaniita.

Nikaenda. Kwangu mimi ni nyaya tu, lakini alinieleza taratibu mpaka nikaelewa. Sauti iliyoingia kwenye tundu jekundu ilipita kwenye valvu zake vizuri, halafu mwishoni kabisa, badala ya kutokea tundu jekundu, ilitokea jeupe. Na ya tundu jeupe ilitokea jekundu. Zile nyaya mbili za mwisho zilikuwa zimepishana.

"Kwa hiyo limegeuka," nikasema.

"Limegeuka."

"Shangazi, ulikuwa unasema kweli miaka yote hiyo."

"Alikosea tu," akasema. "Alikuwa kijana, hana uzoefu. Kosa la kawaida." Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote, nami nikaona basi, hata hili halikutosha. Mtu kashinda kesi ya miaka thelathini na anamtetea mshtakiwa.

Lakini hakuinuka. Alitoa lenzi yake ya mkono, akainama mpaka pua ikakaribia bati. Halafu akanipa lenzi.

"Tazama rangi."

Risasi ya kuchomelea nayo huzeeka. Inakuwa ya kijivu, butu, haina uhai. Boksi zima la Mjomba lilikuwa hivyo. Lakini pale zilipochomelewa zile nyaya mbili zilizopishana, juu ya ile ya kijivu, kulikuwa na risasi nyingine inayong'aa. Shangazi aliijua. Ilikuwa ile nyembamba aliyoanza kuinunua yeye mwenyewe baada ya kiwanda kufungwa, inayokaa kwenye droo yake. Kisha akanisogezea ncha ya penseli pembeni kidogo, mahali ambapo nyaya zilitakiwa ziwe na hazikuwepo. Hapo napo palikuwa na matone mawili madogo, yanang'aa vile vile, hayajashika kitu.

Nilikuwa naangalia tu. Yeye alikuwa anasoma.

"Alifungua," akasema polepole. "Si zamani sana, wakati nimeshaanza kazi hii. Labda ile wiki niliyokuja kwenu kumwuguza mama yako. Akaliona kosa. Akazitoa nyaya akaziweka panapostahili, hizi hapa alama zake. Akasikiliza." Penseli ikarudi kwenye nyaya zilizopishana. "Halafu akazitoa tena, akazirudisha palipokosewa."

"Kwa nini azirudishe?"

"Kwa sababu ningesikia," akasema shangazi. "Siku ile ile ningeingia mlangoni ningesikia."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka nikashika meza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Mjomba ilikuwa na nauli ya kutosha. Mwanamume mzima, mvi kichwani, yuko peke yake nyumbani, amegundua kwamba mkewe alikuwa sahihi tangu uchumba. Akatengeneza, akasikia kwa masikio yake, akakaa akafikiria maisha yatakayofuata, akawasha pasi upya akaharibu kwa makusudi. Tena kwa mikono safi, maana kazi ile ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Shangazi hakucheka. Uso wake ulikuwa unafanya kazi ambayo haukuwa umeifanya muda mrefu. Ulianzia kwenye kidevu.

"Mshenzi," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akaipandisha. "Mshenzi huyu. Ananifanya mjinga mbele ya fundi saa. Mbele ya wageni. Mbele ya watoto wenye biskuti. Na anatumia risasi yangu. Kwenye droo yangu, bila kuniomba."

Nadhani hilo la droo ndilo lililomuuma zaidi. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimtukana marehemu matusi ambayo sitayaandika, mengine sikujua kwamba anayajua. Kwangu ilikuwa kama kusikia maji yanarudi bombani baada ya mgao, yanakohoa kwanza, yana uchafu, lakini ni maji. Akaikamua kapasita bila kuambiwa, tena mara mbili, akiiambia nayo ikome. Akawasha pasi, akazing'oa zile nyaya, akazivusha, akazichomelea panapostahili kwa matone madogo safi. Moshi ukampanda usoni, akaupuliza kwa hasira. Kisha akalibeba boksi kwenda sebuleni kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani.

Nilimfuata. Akaunganisha nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Tukasubiri valvu zipate moto. Hapo huwezi kuharakisha, lazima usubiri, naye alisubiri huku kakunja mikono, anapumua kwa pua. Akaiweka ile sahani, akashusha sindano.

Gitaa likatoka upande wa dirisha.

Hata mimi, ambaye sina sikio la kujisifia, nilishtuka. Lilikuwa limekaa mahali pake, safi, na mlango ule wa miaka yote uko kimya. Shangazi aligeuka kuelekea kiti cha Mjomba, kile cha mbao chenye mto wa mgongo, mikono kiunoni.

"Haya," akasema. "Liko wapi? Sema sasa. Liko wapi?"

Halafu akasubiri ajibiwe.

Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesogeza kichwa mbele kidogo, mdomo umeshajiandaa kwa jibu la pili, kwa sababu miaka yote waliyoishi hakumrushia Mjomba neno hata moja likakosa kurudi. Gitaa likamaliza, mwimbaji akaingia. Yeye bado anasubiri. Nikaona mabega yake yanashuka, kwanza moja, kisha la pili. Akanigeukia.

"Hayupo," aliniambia, kama mtu anayeniletea habari mimi.

Akakaa sakafuni hapo hapo aliposimama, akalia. Si kilio cha kistaarabu. Alilia kwa mdomo wazi, kama mtoto aliyeangushwa, akagonga sakafu kwa kiganja. Alimwita Mjomba kwa jina lake la ujana ambalo sikuwahi kulisikia, akamwambia arudi wabishane, atakubali, gitaa liwe upande wowote anaoutaka. Miezi yote ile nilikuwa nataka alie. Alipolia nilitamani anyamaze, nikaona aibu, nikakaa chini nikamshika. Mwili wake ulikuwa wa moto. Sahani ikafika mwisho ikawa inazunguka tu, na hakuna aliyeinuka.

Baba akatukuta hivyo. Alisukuma mlango, akasimama, kufuli jipya mkononi, halijatolewa hata kwenye pakiti yake. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

"Shangazi amefiwa," nikamwambia.

Baba hakuuliza na nani. Alitia kufuli mfukoni, akavua viatu, akaingia akakaa sakafuni karibu na dada yake, akampa pole.